Mshahara Mnono, Kodi ya Pango na Hesabu ya Kuhama Kazi

Kuacha kazi moja na kushika nyingine kwa ajili ya ujira bora si kosa, wala si dalili ya uchu wa fedha. Mtu aliyesoma kwa miaka mingi ana haki ya kuupeleka ujuzi wake mahali unapothaminiwa. Hata hivyo, yako mambo mawili ambayo watu aghalabu huyachanganya: kupanda kwa mshahara na kupanda kwa hali ya maisha. La kwanza huandikwa katika barua ya ajira, likaonekana siku hiyo hiyo. La pili halionekani mpaka mwenye nyumba, mwenye basi na mwenye duka wawe wamekwisha kuchukua chao.

Katika Lushoto na milima yote ya Usambara jambo hili lina uzito wa pekee. Mwalimu wa fizikia, fundi wa maabara, muuguzi na bwana shamba wana njia tatu mbele yao. Wanaweza kubaki mlimani katika kazi zao. Wanaweza kushuka Mombo wakapanda basi la Tanga au Dar es Salaam kutafuta mwajiri mwingine. Au wanaweza kuacha ajira wakalima mboga. Kila njia ina faida yake na gharama yake, na gharama iliyo kubwa kuliko zote mara nyingi ndiyo inayosahauliwa, nayo ni kodi. Hoja ya makala haya ni kwamba kinachomng'oa mtaalamu mlimani si udogo wa mshahara peke yake, bali pia uhaba wa nyumba. Na kwamba taifa linalotaka kumbakiza halina budi kuanza na nyumba.

UJIRA SI TARAKIMU TUPU

Historia ya Usambara yenyewe yafundisha kwamba ujira hupimwa kwa kile ambacho mtu anakiacha nyuma. Wakati wa utawala wa Wajerumani, Lushoto ikiitwa Wilhelmstal, wenye mashamba ya kizungu walikosa vibarua. Wasambaa walikuwa na migomba yao, mahindi yao na maji ya vijito. Ujira uliotolewa haukutosha kuwavuta waviache. Kwa hiyo mwaka 1907 uliwekwa utaratibu wa kadi za kazi, ambao ulimlazimisha mwanakijiji kumfanyia kazi Mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Nguvu ilitumika mahali ambapo bei ya kazi ilikuwa imeshindwa.

Mfano wa pili uko chini ya milima, katika mashamba ya mkonge ya Korogwe, Muheza na Tanga. Zao hilo liliingizwa nchini mwaka 1893, na kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilitoa kiasi cha tani 230,000 kwa mwaka. Vibarua wake, walioitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa, walitoka mbali na walilipwa kidogo. Lakini kibarua alipewa pa kulala katika kambi ya shamba. Kambi hizo hazikuwa za kusifiwa. Hata hivyo zinaonyesha kwamba hata mwajiri asiyekuwa na huruma alielewa jambo moja: mfanyakazi asiye na paa haji, na akija hakai.

Mwanauchumi wa Kiskoti Adam Smith alieleza mwaka 1776 kwamba tofauti za ujira baina ya kazi na kazi hutokana na mambo matano: uzuri au adha ya kazi, gharama ya kujifunza kazi hiyo, uhakika wa kuipata siku zote, uzito wa dhamana aliyopewa mfanyakazi, na tumaini la kufaulu. Mwanafunzi anayechagua masomo ya kidato cha tano angefanya vyema kuyapima yote matano badala ya kuuliza tu, "Wanalipwa kiasi gani?" Kisha hana budi kuongeza la sita, ambalo ni kujua kazi hiyo iko wapi na paa la mahali hapo lina bei gani.

KANUNI YA SCHWABE

Mwaka 1868, mtakwimu wa Kijerumani Hermann Schwabe alichunguza mapato na kodi za nyumba katika jiji la Berlin. Akaona kwamba kadiri mapato ya mtu yanavyokuwa madogo, ndivyo sehemu ya mapato hayo inayoliwa na kodi inavyokuwa kubwa. Tajiri hulipa kodi kubwa kwa hesabu ya fedha, lakini ndogo kwa hesabu ya asilimia. Maskini ni kinyume chake. Miaka kumi na mmoja kabla yake, Ernst Engel alikuwa ameeleza kanuni inayofanana na hiyo kuhusu chakula.

Sababu yake si ngumu. Mtu anaweza kula ugali bila nyama au kushona kiraka katika suruali, lakini hawezi kupanga nusu ya mlango. Chumba kina kiwango cha chini ambacho hakigawanyiki. Tena nyumba haiongezeki haraka. Mahitaji ya nyanya yakizidi, mkulima atapanda zaidi na baada ya miezi michache zitajaa sokoni. Mahitaji ya vyumba yakizidi, itabidi kiwanja kipatikane, msingi uchimbwe, bati linunuliwe. Muda wote huo wapangaji hushindana kwa vyumba vile vile, na kodi hupanda.

Ndiyo sababu miji inayokua upesi humeza mishahara. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu wapatao 356,000 katika sensa ya mwaka 1967. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541, na ile ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Kila anayeongezeka anahitaji mahali pa kulala. Anayepata chumba cha bei nafuu mara nyingi hukipata pembezoni mwa jiji, na kile alichookoa katika kodi hukilipa katika nauli na katika saa anazopoteza barabarani.

MFANO WA HESABU

Waswahili husema: mali bila daftari hupotea bila habari. Chukuliwe basi mfano wa mwalimu mmoja wa kubuni. Tarakimu zake zimewekwa kwa ajili ya zoezi tu, na kila msomaji anaweza kuzibadilisha kwa za mahali pake.

Mwalimu huyo yuko Lushoto mjini. Baada ya makato hupokea shilingi 700,000 kwa mwezi. Hulipa kodi 80,000, hutumia 200,000 kwa chakula, na huenda shuleni kwa miguu. Bakaa yake ni shilingi 420,000. Kampuni binafsi ya Dar es Salaam yamwahidi shilingi 1,000,000 baada ya makato. Ongezeko ni shilingi 300,000, yaani karibu asilimia 43, na barua hiyo huwa tamu kuisoma. Lakini huko kodi ni 250,000, chakula 300,000 na nauli 100,000. Jumla ya gharama ni 650,000, na bakaa ni 350,000. Mshahara umepanda kwa shilingi 300,000. Gharama zimepanda kwa shilingi 370,000. Mwalimu amehama ili awe maskini zaidi kwa shilingi 70,000 kila mwezi. Sehemu ya kodi katika mapato yake imetoka kama asilimia 11 ikafika asilimia 25.

Sasa kampuni ikimwongezea mpaka shilingi 1,200,000, bakaa itakuwa 550,000, na faida ya kuhama ni shilingi 130,000 kwa mwezi. Hapo kuhama kuna maana. Hata hivyo, siku ya kwanza mwenye nyumba hudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, jambo lililokwisha kuwa desturi katika miji mingi ya Tanzania. Hiyo ni shilingi 1,500,000. Dalali hutaka kodi ya mwezi mmoja, yaani 250,000, na kusafirisha mizigo kunaweza kugharimu 400,000. Jumla ni shilingi 2,150,000 kabla mshahara wa kwanza haujaingia.

Hapa mwanafunzi na atofautishe. Kodi ya miezi sita haikupotea. Ni gharama ya baadaye iliyolipwa mapema. Kilichopotea kabisa ni ada ya dalali na gharama ya lori, yaani shilingi 650,000, ambazo kwa faida ya 130,000 kwa mwezi zitarudi baada ya miezi mitano. Lakini ikiwa mwalimu alikopa ile 1,500,000, riba ya mkopo nayo ni gharama na lazima iingie katika daftari. Na kama kazi mpya ina kipindi cha majaribio cha miezi mitatu, hatari ya kuachishwa kabla ya mwezi wa tano haina budi kupimwa. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga. Hawakukataza kubadilisha mkeka. Walionya kuhusu kuuacha ule ulio nao kabla ya kuukagua ule upitao.

KODI ILIYO BONDENI

Wapo wanaosema kwamba mwalimu huyo asihangaike na jiji, kwa kuwa utajiri uko Lushoto kwenyewe, katika kabichi, karoti, nyanya na pilipili hoho. Rai hii ina ukweli ndani yake, na sayansi yaeleza kwa nini.

Joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi 0.6 za Sentigredi kwa kila mita 100 za kupanda. Mombo iko kiasi cha mita 400 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Lushoto kiasi cha mita 1,400. Katika mwendo wa kilomita 33 hivi za barabara yenye kona nyingi, msafiri hupata ubaridi wa nyuzi kama sita. Ubaridi huo ndio unaoruhusu mboga zisizostawi vizuri katika joto la pwani. Johann Heinrich von Thünen, mkulima na mwanauchumi wa Kijerumani, alieleza mwaka 1826 kwamba mazao yanayooza haraka hulimwa karibu na mji kwa sababu ya gharama ya usafiri. Lushoto yaonekana kuipinga kanuni hiyo, kwa maana mboga zake husafiri mamia ya kilomita mpaka masoko ya Dar es Salaam. Kwa kweli haiipingi. Tofauti ya hali ya hewa imelipia nauli ya lori.

Lakini faida hiyo haimwendei mkulima yeyote tu. Wakati wa kiangazi mboga zataka maji, na maji yako katika mabonde membamba baina ya miteremko mikali. Ardhi ya bondeni ni haba, nayo hukodishwa. Katika mwaka 1817 David Ricardo alikuwa amekwisha kueleza kwamba kodi ya ardhi huzaliwa na tofauti ya ubora baina ya shamba na shamba. Bonde lenye maji likizaa zaidi ya mteremko mkavu, tofauti hiyo huishia mikononi mwa mwenye bonde. Kwa hiyo mwalimu aliyekimbia kodi ya chumba mjini huikuta kodi nyingine ikimsubiri bondeni. Aidha, bei za mboga haziandikwi katika barua. Mavuno ya wengi yakiiva pamoja bei huanguka, mvua ikiharibu barabara mzigo huoza, na mkulima mgeni asiye na mnunuzi wa kudumu huuza kwa bei atakayoambiwa.

Hili halina maana kwamba kilimo cha mboga ni kazi ya kudharauliwa. Maana yake ni kwamba ni taaluma kamili yenye mtaji, ujuzi na hatari zake, wala si kimbilio la mtu aliyechoshwa na ubao na chaki. Wengi walijifunza hilo katika miaka ya 1980, wakati thamani ya shilingi ilipoporomoka kutoka shilingi 17 hivi kwa dola moja mwanzoni mwa mwaka 1986 hadi kama shilingi 195 mwaka 1990. Mishahara haikwenda sambamba na bei za vitu, na waajiriwa nchini kote wakaanzisha mashamba, mabanda ya kuku na biashara ndogondogo ili wale. Baadhi walifanikiwa, na baadhi walipoteza vyote viwili, akiba na kazi.

SHERIA PEKE YAKE HAIJENGI NYUMBA

Tanzania imewahi kulishughulikia tatizo la kodi kwa njia mbalimbali. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha au kupokea mishahara miwili. Mwaka 1971 majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa. Sheria ya kudhibiti kodi ya mwaka 1984 iliweka mipaka ya kodi, nayo ilifutwa mwaka 2005.

Mafunzo ya hatua hizo ni mawili. Kwanza, kodi ikibanwa kwa sheria pasipo nyumba kuongezeka, bei hutafuta mlango wa nyuma. Ndipo kilemba kilipolipwa chini kwa chini ili mtu apate funguo. Pili, nyumba ya umma ikiuzwa, humfaa aliyeinunua lakini haimfai atakayemfuata kazini. Kuanzia mwaka 2002 Serikali iliuza maelfu ya nyumba zake, nyingi kwa watumishi waliokuwa wakiishi humo. Wanunuzi walipata usalama wa uzeeni, na jambo hilo si dogo. Lakini mtumishi mpya aliyepangiwa kituo baadaye alikuta nyumba ya cheo chake imekuwa mali ya mtu.

NYUMBA NI SEHEMU YA MSHAHARA

Mshahara wa mwalimu wa Serikali hufuata ngazi moja nchi nzima, lakini kodi haifuati ngazi hiyo. Kwa hiyo walimu wawili wenye cheo kimoja hawalipwi sawa kwa kweli: yule mwenye nyumba ya shule karibu na darasa amezidishiwa, na yule anayepanga mjini amepunguziwa. Hapa ndipo penye nafasi ya wilaya za milimani. Haziwezi kuupandisha mshahara, kwa kuwa haumo mikononi mwao. Zinaweza kuipandisha bakaa kwa kujenga nyumba.

Atatokea wa kusema kwamba ni afadhali mwalimu apewe posho ya nyumba kwa fedha taslimu. Jibu limo katika kanuni iliyoelezwa juu. Katika mji mdogo ulio juu ya mteremko, ambamo viwanja vya kujengwa ni vichache na wanafunzi wa vyuo, kama kile cha Uongozi wa Mahakama, nao hutafuta vyumba, posho bila vyumba vipya itapandisha kodi na kuishia kwa wenye nyumba. Posho huongeza idadi ya fedha zinazogombania chumba kimoja, ilhali nyumba mpya huongeza vyumba.

Wako pia watakaosema kwamba nyumba ya mwajiri humfunga mfanyakazi, maana akiiacha kazi huikosa na paa. Hoja hiyo ni ya haki. Historia ya kituo cha utafiti cha Amani, katika Usambara Mashariki, yaitilia nguvu. Kituo hicho kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na nyumba zilijengwa pamoja na maabara katikati ya msitu. Bila nyumba hizo utafiti wa mimea, na baadaye wa malaria, usingaliwezekana mahali pale. Lakini zilitolewa kwa ngazi za cheo, na katika enzi ya ukoloni kwa rangi ya mtu. Nyumba ya kazi yaweza kuwa daraja, na yaweza kuwa kitanzi. Dawa ni kuitoza kodi ndogo iliyo wazi, kuigawa kwa utaratibu unaojulikana, na kumhimiza mkaaji aweke akiba ya kujenga yake kabla ya kustaafu.

Kuhusu gharama ya ujenzi, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umeeneza tofali la kufungamana, linaloshindiliwa kwa mashine ya mkono kutokana na udongo na saruji kidogo. Halichomwi kwa kuni, na linataka chokaa kidogo au hapana kabisa baina ya tofali na tofali. Katika milima ambayo misitu yake, kama ule wa Magamba, ndiyo mama wa vijito vyote, tofali lisilokula kuni ni faida maradufu. Shule zenyewe zinaweza kulijaribu tofali hilo katika masomo ya fizikia, kwa kupima nguvu yake linapokauka na linapolowa.

Zaidi ya hayo, hesabu ya kodi na bakaa yafaa ifundishwe darasani. Wanafunzi wa kidato cha tatu wanaweza kukusanya kodi za vyumba katika mji wao bila kutaja majina ya watu, wakatafuta wastani na kati yake, wakachora jedwali la asilimia ya kodi katika mapato mbalimbali, na kuona kama kanuni ya Schwabe yashika Lushoto kama ilivyoshika Berlin. Kijana atakayemaliza shule akiijua hesabu hiyo hatadanganywa na tarakimu moja iliyo katika barua, na akiamua kuhama atahama akijua.

Halmashauri nazo zina hesabu yao. Mwalimu mmoja wa fizikia anapoondoka, hasara haiishii katika nafasi iliyo wazi. Madarasa kadhaa yanafanya mtihani bila kufundishwa, na miongoni mwao hukosekana mhandisi au daktari ambaye mlima ungempata baada ya miaka kumi. Gharama hiyo haiandikwi katika kitabu chochote cha fedha. Ikiandikwa kando ya bei ya saruji, bati na matofali ya nyumba moja ya mwalimu, itaonekana kwamba nyumba ndiyo rahisi.